Mke Mwenza wa Msituni

Tangu waoane, mke alimwita yule ndege wa mumewe "mke mwenzangu", na haukuwa utani mtupu. Bwana Ndege, kama mtaa mzima ulivyomwita mumewe, aliumaliza ujana msituni akimchunguza ndege wa aina moja, wa kijani, mdogo wa kuenea kiganjani. Alinasa sauti yake, akamvisha pete ya namba mguuni, akagombana na wakata mbao mpaka msitu ukasalimika.

"Wenzako huwavisha wake zao pete," mkewe alikuwa akisema huku akimfulia suruali za matope.

Sasa amestaafu, na msimu mzima alikwenda msituni akarudi bila kumsikia. Ndipo daktari wa masikio akamweleza kuwa uzeeni sauti nyembamba ndizo hutangulia kuondoka. Akabaki hajui kilichokwisha ni ndege au ni sikio. Kumwona nako ni bahati, maana hukaa juu kabisa, kwenye majani ya rangi yake.

Asubuhi moja akamwambia mkewe, macho kwenye kikombe, "Mama, nisindikize kazini."

"Leo ndiyo unanipeleka kwa mwenzangu? Nivae nini?"

"Viatu vya kufunga."

Msituni aliinua kinasa sauti akabonyeza, wimbo aliounasa zamani ukalia. Yule ndege akisikia wimbo wa mwenziwe, hujibu. Bwana Ndege alisikia mkwaruzo tu. Akazima, akamkodolea macho mkewe kama mgonjwa anayesubiri majibu.

Mkewe aliinua uso. Akaukunja. Akatulia tuli.

"Sema basi!"

"Hebu nyamaza, bwana. Mwenzangu anaongea."

Bwana Ndege aliketi juu ya mzizi. "Yuko?"

"Yuko. Na ana maneno huyo! Tena kuna wa pili anamjibu kule."

Ndege yuko, amesalimika, na yeye hatamsikia tena maishani.

"Anasemaje?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Mkewe alilowesha midomo, akapiga mluzi mzito, wa chini, wa pole pole, wa kufika kwenye sikio lililobakiwa na sauti nzito tu. Bwana Ndege alifumba macho.

"Mwishoni inapanda," akamsahihisha.

"Si umsikilize mwenyewe, basi!"

Neno lilikuwa limeshatoka. Mkewe aliuma mdomo, akasogea, akaketi naye pale kwenye mzizi. Akasikiliza juu kwa muda mrefu, akaanza upya, na safari hii mwishoni ikapanda.