Salamu za Nansio Ndani ya Kompyuta

"Hakuna kompyuta iliyotoka kiwandani ikanishinda mimi," Jovinary aliwaambia wazee wa usharika wa Nyakato, Mwanza, amesimama katikati ya ukumbi, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. "Nipeni hiyo mashine, mtaiona inacheza."

Kusema kweli, hadi siku hiyo Jovinary alikuwa ameona kompyuta moja tu maishani, tena kupitia dirisha la benki, na mlinzi alimfukuza kabla hajajua mbele yake ni ipi na nyuma yake ni ipi. Lakini alikuwa na kidato cha nne, na alikuwa na ulimi. Ulimi wake ulitangulia kufika kila mahali, mwenyewe akafuata baadaye akihema.

Kompyuta hiyo ilikuja kwenye kontena la marafiki wa usharika kutoka Ujerumani, imebanwa kati ya makoti ya baridi na baiskeli zisizo na pedeli. Mchungaji Nathaniel alisema wazi: Jumamosi, baada ya mazoezi ya kwaya, vijana waonyeshwe. Ikifanya kazi, Jovinary atakuwa mwalimu wa darasa la jioni. Isipofanya, mashine itapanda meli kwenda Nansio, kisiwani, maana vijana wa kule nao walikuwa wameiomba. Shangazi yake, Ma Kokugonza, aliyekuwa amemlisha mwaka mzima bila kazi, akaongeza la kwake: "Mashine ikipanda meli ya Nansio, na wewe utapanda ya Bukoba. Kahawa ya baba yako kule Muleba inaiva, haina mchumaji."

Basi Jovinary akabeba boksi hadi nyumbani, akalifungua mbele ya rafiki yake Kashindye, Msukuma wa nyumba ya tatu ambaye hakuwahi kukosa la kumtania. Ndani kulikuwa na kitu cha rangi ya udongo, kimeumuka kama mkate uliozidi hamira, kina vitufe vya kuandikia juu yake. Kulikuwa na kitu kingine kizito kama tofali chenye waya wa umeme, kirekodi kidogo cha kanda, kanda moja na kijitabu. Kioo hakikuwepo. Lile sanduku aliloliona benki halikuwepo.

"Wametuma meno," alisema Jovinary. "Kichwa kimebaki Ujerumani."

Akakipachika kile kitu chenye vitufe kwapani, akaenda mbio kwa Mchungaji kutoa taarifa kwamba kompyuta haikufika, imekuja taipureta yake tu. Mchungaji akamwomba atazame kijitabu kwanza. Kijitabu kilikuwa cha Kijerumani, lakini picha hazina lugha: waya unatoka kwenye vitufe, unaingia kwenye televisheni, basi. Kompyuta nzima ilikuwa imelala humo humo chini ya vitufe, kama kobe ndani ya gamba lake.

"Yaani uliibeba kompyuta kwapani ukienda kushtaki kwamba haipo?" Kashindye aliuliza.

"Nilikuwa namjaribu Mchungaji."

Televisheni ya Ma Kokugonza ilikuwa peke yake katika safu ile ya nyumba za wafanyakazi wa kiwanda. Ilifunikwa kitambaa cha kufuma, na kitambaa hicho hakikutolewa ila kwa mgeni au taarifa ya habari. Shangazi alikubali kuiazima kwa sharti kwamba kitambaa kibaki juu, kining'inie nusu. Wakazungusha kitufe cha stesheni hadi chenga zikatulia, kioo kikawa cha bluu, na mashine ikajitambulisha. Ilikuwa Commodore 64, na hiyo sitini na nne ndiyo maelfu ya herufi inayoweza kubeba kichwani. Ila mstari uliofuata ulisema nafasi iliyo wazi ni 38,911.

Jovinary alipiga hesabu, halafu akapiga paja. "Bandarini! Wameifungua wakachomoa zaidi ya elfu ishirini na tano!"

"Halafu wakarudisha skrubu?"

"Wale ni mafundi, we unawaonaje?"

Ikabidi warudi kwenye kijitabu, penye mchoro wa kumbukumbu iliyogawanywa kama viwanja vya Nyakato, ndipo walipoelewa kwamba mashine nayo ni mwenye nyumba. Inajiwekea vyumba vyake kwanza, vya lugha yake na mambo yake mengine, na mpangaji anapewa vinavyobaki. Wezi wa bandarini wakasamehewa dhambi ambayo hawakuwa wameifanya.

Ile kanda ndiyo ilikuwa na programu ya kufundisha kupiga chapa, na bila kanda hakuna kitu, kwa sababu kompyuta hii haikuwa na mahali pa kuhifadhi chochote. Umeme ukikatika, na Nyakato ulijua kukatika, inaamka mjinga kama siku iliyozaliwa, mpaka ulishe kanda upya. Jovinary akaandika amri kama kijitabu kilivyoonyesha, akabonyeza kirekodi.

Maneno yote yakafutika. Kioo kikabaki bluu tupu, kama ziwa lisilo na mtumbwi.

"Umeiua televisheni ya shangazi yako," alisema Kashindye kwa ile sauti ya chini ya msibani.

Jovinary akang'oa waya, akaanza upya. Kioo kikafutika tena. Mara ya tatu, kikiwa kimefutika vilevile, alisikia kandambili za shangazi barazani. Akatokea mlango wa uani na kujibanza nyuma ya choo. Aliporudi, kwa kunyata, herufi zilikuwa zinadondoka kutoka juu ya kioo kama mvua ya masika, kila moja inangoja mtu aiwahi kwa kidole, na Ma Kokugonza amesimama anazitazama mdomo wazi.

Kumbe ndivyo ilivyo. Mashine ile ikisoma kanda hufumba macho, haikuonyeshi lolote, na wewe unasubiri kama anayesubiri maharage yaive. Dawa yake ilikuwa kuiacha na kukimbia.

"Nilijua," alisema Jovinary, akipangusa utando wa buibui shavuni.

Kesho yake, Ijumaa mchana, alikwenda ukumbini kutazama soketi ilipo. Aliporudi, alimsikia shangazi sebuleni akizungumza kwa sauti yake ya rasmi:

"... Dada Justa, shikamoo. Sisi huku Mwanza hatujambo. Mguu unaniuma ila si sana. Ng'ombe wa jirani amezaa ..."

Jovinary akatabasamu. Justa aliolewa Nansio, na barua ndefu ilimchosha shangazi mkono, simu nayo ilikuwa ya kupangia foleni posta. Kwa hiyo salamu zilisemewa kwenye kanda, kama familia nyingi zilivyofanya, na kanda ikapewa msafiri wa meli. Alikuwa bado anatabasamu alipoona ni kanda gani inayozunguka ndani ya redio: ile ya kompyuta.

"Shangazi! Hiyo umeitoa wapi?"

"Hii mbovu? Nilitaka kusikia ni kwaya gani, ikapiga kelele kama nguruwe anachinjwa. Nikasema imekwisha hii. Na walikuwa wamevunja vile vimasikio vya nyuma isirekodiwe. Nimeziba matundu kwa karatasi, inarekodi vizuri kabisa."

Nani Mwanza nzima hakujua ujanja huo wa karatasi? Jovinary mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

Akakaa sakafuni, kichwa mikononi, na kilichomtoka hakikuwa maneno ya mtu mwenye kidato cha nne. "Umenimaliza, shangazi! Yoo, umenimaliza! Naenda kuchuma kahawa mimi! Yesu wangu! Bikira Maria!" Naye alikuwa Mlutheri wa kuzaliwa, Mlutheri mtoto wa Walutheri. "Mtakatifu Antoni wa vitu vilivyopotea, nitazame na mimi!" Machozi yalikuwa ya kweli, na kamasi pia.

"Nyamaza kwanza," alisema Ma Kokugonza, akiisogeza redio pembeni. "Justa anakusikia."

Akamalizia salamu zake bila haraka, hadi upande ule ukaisha na kitufe kikajifyatua. Bado hajamweleza dada yake habari za harusi ya jirani. Akaigeuza kanda, akabonyeza kusikiliza kwanza kama huku kuna nafasi.

Redio ikapiga kelele ile ile. Kali, ya kukwaruza, ya nguruwe na kisu chake.

"Ona, na huku kumeharibika!" shangazi alisema, kidole kikielekea kitufe chekundu.

Hakuna kwaya yoyote, hata ile ya Krismasi, iliyowahi kumwingia Jovinary moyoni kama kelele hiyo. Aliruka kutoka sakafuni na kuukamata mkono wa shangazi yake kwa mikono miwili. Hiyo ndiyo sauti ya programu yenyewe, na waliotengeneza kanda walikuwa wameirekodi pande zote mbili!

Akachokoa karatasi kwenye matundu, akamwita Kashindye kwa kelele, wakalisha mashine. Kioo kikafumba macho. Safari hii hakuna aliyekimbia. Walisimama watatu mbele ya bluu ile, shangazi mkono kiunoni, hadi herufi ya kwanza ilipodondoka. Jovinary aliegemea ukuta, akacheka peke yake, akahisi gunia zima la kahawa linashuka kutoka mgongoni.

Jumamosi ukumbi ulijaa, televisheni ya shangazi ikiwa mbele na kitambaa chake juu. Mchungaji Nathaniel aliombwa ajaribu, akakosa herufi karibu zote, akafurahi kuliko waliopata. Kabla hajarudi kwenye kiti alishatangaza kwamba darasa linaanza Jumatatu na mwalimu wao ni huyu hapa. Ma Kokugonza alishusha pumzi hadi watu wa kiti cha mbele wakageuka. "Muleba watafute mchumaji mwingine," alisema.

Soda zikafunguliwa. Vijana wakamzunguka mwalimu, na mwalimu akaona si vizuri kuwanyima.

"Kanda ilikuwa imefutwa upande mzima," alianza. "Mtu mwingine angechanganyikiwa. Mimi niliingia pole pole, nikamwambia shangazi, tulia, sayansi ina njia zake. Nikafikiri. Nikasema: igeuzeni."

"Hukulia hata kidogo?" aliuliza Kashindye, akijikuna kidevu.

"Nilie kwa sababu ya kanda? Mimi?"

Ma Kokugonza akaweka soda yake chini. Akaenda kwenye kile kirekodi kidogo, akachomoa kanda.

"Shangazi, acha hiyo!"

"Si ulisema mashine ikishasoma haiihitaji tena?"

Akaitia kwenye redio ya kwaya, upande wa Nansio, akairudisha nyuma hadi mwanzo, akaongeza sauti. Justa akasalimiwa, mguu ukauma ila si sana, ng'ombe wa jirani akazaa. Halafu ukumbi wote wa Walutheri ukamsikia mwalimu wao mpya akimlilia Bikira Maria. Mchungaji Nathaniel alistahimili hadi jina la Mtakatifu Antoni, hapo soda ikampalia. Jovinary alitafuta mlango wa uani, na ukumbi ule haukuwa na mlango wa uani.

"Nyamaza kwanza," redio ikasema kwa sauti ya shangazi. "Justa anakusikia."