Falsafa ya Ukurasa Mmoja

Walitaka ukurasa mmoja tu. Fomu ya ufadhili ilisema: eleza falsafa yako ya uuguzi na malengo yako kitaaluma. Mimi Teodora, muuguzi wa stashahada, miaka kumi wodini, niliuandika mpaka nikajisifu mwenyewe. Mgonjwa ni mtu kamili. Mgonjwa ana utu wake. Nitamhudumia kila mmoja kama ambavyo ningependa kuhudumiwa. Kisha nikaeleza ninavyotaka kusoma shahada, nirudi hapahapa Mwanza nifundishe wengine. Ilibaki sahihi ya msimamizi wa wodi, Sista Dorcas, na mwisho wa kupeleka ulikuwa Ijumaa saa tisa alasiri.

Nafasi ilikuwa moja kwa hospitali nzima. Nilishaikosa mara mbili, na mwaka huu ndio wa mwisho umri wangu kukubalika.

Jumatatu ya wiki hiyo aliletwa Mzee Luhaga kutoka Magu. Kiharusi kilikuwa kimemlaza upande wote wa kulia na kuufunga ulimi wake. Aliyemleta ni mke wa mwanawe, Mama Odeta. Mumewe alikuwa machimboni na simu yake haipatikani.

Nieleze utaratibu wetu. Muuguzi anachoma sindano, anagawa dawa, anajaza faili. Kumwogesha mgonjwa na kumgeuza ni kazi ya ndugu. Haijaandikwa popote. Ukiuliza utajibiwa kwamba tuko wawili kwa wagonjwa thelathini na wanne, na ni kweli, ila ni kweli tuliyoizoea mpaka haituumi tena.

Jumanne asubuhi nilimpa Mama Odeta beseni. Alichota maji ya moto, akayaweka kwenye stuli kando ya kitanda, akatoka nje ya pazia na kusimama akiwa ametugeuzia mgongo. Nikamwambia mzee aogeshwe. "Sawa, nesi," akasema, na hakumwogesha. Jumatano ikawa vilevile. Sista Dorcas alimsema mbele ya wodi nzima: "Ninyi wakwe wa siku hizi mnangoja mzee afe mgawane ng'ombe." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, kisha nikaandika kwenye faili: ndugu hatoi ushirikiano. Kalamu ni ileile iliyoandika utu.

Alhamisi daktari akamgeuza mzee na kukuta kidonda mgongoni, chini kabisa, kimekwisha kuchimba. Akauliza ni nani wa kulaumiwa. Sista Dorcas akamwonyesha mwandiko wangu kwenye faili. Daktari akataka taarifa ya maandishi kesho yake, akaenda kitanda kingine.

Nilimfuata Mama Odeta kwenye benchi la nje nikiwa nimefura. "Umeona ulichokifanya, mama?"

Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Nesi, umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Baba mkwe wako ungemvua nguo?"

Baba mkwe wangu tunaishi naye Kiseke. Miaka minane sijawahi kukalia kiti chake. Akienda kuoga, mimi natoka uani mpaka amalize. Hakuna aliyenifundisha hayo chuoni, na hakuna ambaye angenifanya niyavunje. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

"Yale maji nilikuwa nawawekea ninyi," akaendelea taratibu. "Kwetu mkwe haoni uchi wa mkwewe. Naweka maji, natoka, nasema sasa nesi ataingia. Yanapoa, namwaga. Nilidhani mnajua."

Sijawahi kukasirika namna ile, na sikuwa na pa kuipeleka hasira yangu ila kwangu mwenyewe. Niliingia nyuma ya pazia nikakunja mikono ya sare. Nilimwogesha mzee toka utosini hadi unyayoni, nikasafisha kidonda, nikambadilisha shuka. Mama Odeta alinipitishia maji mapya huku ameangalia ukutani. Mzee alilia kwa jicho moja, lile lililobaki na nguvu.

Sista Dorcas akafungua pazia. "Ukimwogesha huyu, kesho wote thelathini na wanne watakungoja wewe."

"Watakuwa wameijua kazi yangu, Sista."

Ijumaa saa sita aliniita ofisini. Mezani kulikuwa na karatasi mbili: fomu yangu, na taarifa aliyokwisha kuiandika, kwamba mkwe wa mgonjwa alikataa kumhudumia na kidonda kikatokea. "Weka sahihi yako hapa," akasema, "na mimi niweke yangu pale."

"Huu ni uongo, Sista. Mama wa watu hana kosa."

"Unafikiri sijui?" Sauti yake ilishuka. "Nimeomba wauguzi miaka kumi na moja. Nikiandika kwamba sina watu, wataniondoa mimi, na watu hawataletwa."

Nilimwonea huruma, na huruma ile ikanizidishia hasira. Hivi ndivyo tunavyolindana: kila mmoja anamtupia aliye chini yake, mpaka lawama imfikie mwanamke wa Magu anayelala sakafuni na hajui pa kulalamika. Nilichukua karatasi tupu nikaandika nikiwa nimesimama: *Mgonjwa hakuogeshwa kwa siku tatu. Mkwe wake alitimiza heshima yake. Mimi sikutimiza kazi yangu. Nilimlaumu kwenye faili bila kumuuliza. Wodi ina wauguzi wawili kwa wagonjwa thelathini na wanne.* Nikatia sahihi; hiyo ilikuwa ya daktari. Nikaandika nakala ya pili, nikauchomoa ule ukurasa wangu mzuri kwenye fomu na kuiweka nakala mahali pake.

"Teodora," akasema Sista Dorcas, "hiyo siwezi kuitilia sahihi."

"Najua, Sista."

Saa tisa kasoro dakika kumi karani wa utawala aliipekua fomu. "Hapa pa msimamizi pako wazi. Hii haiendi popote, dada." Nikamwambia aipokee hivyohivyo na aigonge muhuri. Akaigonga, akaitupia kwenye trei ya zilizokataliwa mbele ya macho yangu.

Nilipanda ngazi kurudi wodini huku nimeuma meno. Mama Odeta alikuwa nje ya pazia, ameligeuzia mgongo. Kwenye stuli kulikuwa na beseni. Nilivua saa yangu nikatumbukiza mkono, na maji yalikuwa bado ya moto.