Walichekea Friji

Mume wangu ana macho makavu, Mungu anisamehe. Yeye anaongoza filamu, mimi nazihariri. Yeye anapiga, mimi nakata na kuunga. Kipande kile cha friji nilikikata mwenyewe, nikamwambia, "Hiki hakitoki nje ya chumba hiki," naye akaitikia kwa kichwa kama mtoto mtiifu. Leo asubuhi akanipa nakala ya mwisho, eti amerekebisha sauti tu. Nami nikamwamini! Sasa nimekaa nyuma ya ukumbi, kompyuta imeunganishwa na projekta, viti vyote vimejaa, na friji hilo hapo mbele, kubwa kama nyumba.

Filamu yenyewe ni ya kuchekesha. Vijana wawili wavuta bangi wanatumwa wahamishe friji kutoka nyumba moja hadi nyingine mtaa huohuo, na kwa ulevi wao wanashinda nalo kutwa, wakigonga kila mlango isipokuwa ule waliotumwa. Mmoja wa vijana hao ni mdogo wangu wa tumbo moja. Tunamwita Sinzia kwa ajili ya kope zake nzito. Hata akiwa mzima kabisa utadhani kaamshwa sasa hivi. Uso huo ndio uliompa kazi. Na ndio uliomponza, maana watu walimsingizia kuvuta kabla hajajua hata harufu yake.

Mwisho akavuta kweli. Baba alimsema, akambembeleza, akampiga, kisha akamfungia mlango. "Mpaka uache," alisema. Sinzia akagonga mpaka majirani wakatoka nje kutazama, baba hakufungua. Kabla mwezi haujaisha baba akaanguka akafa, hawajasemezana. Jambo hilo lilimkaa kooni mdogo wangu, hakulimeza wala hakulitema.

Siku ya kupiga kipande cha friji alikuja amelewa chakari. Nilimjua tangu mlangoni, kwa jinsi alivyokuwa akiinua miguu kama anavuka maji. Nikamwambia mume wangu tuahirishe. "Hebu acha kwanza," akasema, "leo yuko vizuri mno." Vizuri! Sinzia alitakiwa afungue friji atafute chakula, basi. Badala yake alipiga magoti, akaanza kugonga mlango wa friji. "Hodi," akasema. "Baba, ni mimi. Nifungulie."

Kesho yake aliamka hakumbuki kitu, ila jambo moja. Alinifuata jikoni, macho yamemvimba, akaniambia, "Dada, jana baba amenifungulia. Nimemsikia kwa masikio yangu. Ameniambia niingie." Tangu siku hiyo hajashika msokoto. Wenzake wakimchokoza anawajibu, "Mimi nimeshafunguliwa, sirudi nje." Nami nikafunga mdomo wangu, kwa sababu aliyemwambia aingie ni mimi. Nilikuwa nyuma ya friji nimeshikilia taa, nikashindwa kuvumilia. Sauti yangu nimeichukua kwa baba, nzito vilevile. Kwenye simu watu huniita mzee. Wewe ungemwambia?

Basi ndicho kipande wanachokitazama, na wanakufa kwa kicheko. "Hodi!" anasema Sinzia kwenye pazia la projekta, na ukumbi unalipuka. Mwanamke mmoja mnene wa safu ya pili anajipiga mapaja. Sinzia anaendelea, "Kwani humo ndani kuna baridi gani, Baba, hata husikii?" Ukumbi unalipuka tena. Hapo mume wangu amekata, kipande kinachofuata kikaingia. Nilimtafuta Sinzia kwa macho. Yuko safu ya mbele, shingo imekakamaa. Hakuwa amewahi kujiona hivyo. Tulimwambia siku ile hakuna kilichofaa.

Msambazaji wa filamu alikuwa pembeni ya pazia, ameligeuzia mgongo. Ndivyo anavyofanya siku zote: hatazami filamu, anatazama watazamaji. Wakicheka yeye hacheki, anawahesabu kwa macho tu. Filamu ikichukuliwa na yeye inafika kila mahali. Akiikataa, inabaki kwenye kompyuta yangu. Na leo niliona uso wake umekunjuka.

Taa zikawashwa, kipaza sauti kikaanza kupita mkono kwa mkono.

"Mimi nilichoka katikati," alisema mwanafunzi mmoja. "Moshi mwingi, hadithi kidogo."

"Mnawafundisha nini watoto wetu?" Huyo alikuwa muuguzi, bado na sare zake. "Nimecheka, sikatai. Lakini nimejichukia kwa kucheka."

"Aa, mama, usituharibie siku," kinyozi akamrukia. "Mimi watu hawa nawanyoa kila siku. Ndivyo walivyo! Yule wa friji amenivunja mbavu."

Basi, ikawa friji, friji, friji. Mwanamke mnene akasema apewe tuzo. Mzee mmoja akasema filamu nzima ni ya kawaida, lakini friji lile angelipia mara ya pili. Msambazaji akainua mkono, watu wakanyamaza. "Naichukua," alisema. "Kwa sharti kwamba friji halipunguzwi hata kidogo. Ndilo litakalokuwa kwenye matangazo. Na filamu ya pili tutaiandika juu ya huyu kijana." Mume wangu alinigeukia akitabasamu mpaka magego. Nilitamani kumrushia kompyuta.

"Kijana asimame atuambie amewezaje!" kinyozi akapaza sauti.

Sinzia akasimama. Akapewa kipaza sauti, akakishika kwa mikono miwili.

"Sikuigiza," alisema.

Watu wakacheka.

"Nilikuwa nimelewa bangi. Nilikuwa namwita baba yangu. Ameshafariki."

Loh, wakacheka mpaka viti vikalia! Ni zile kope zake, na ule upole wake wa kuongea. Mtu akapiga makofi. "Wee kijana, utatuua!" akasema mwanamke mnene, anafuta machozi. Kisha nikaona Sinzia anapanda ngazi za katikati kuja kwangu.

"Dada," alisema, kipaza sauti kingali mkononi, kila mtu anasikia. "Weka iliyobaki."

"Ilifutika," nikasema.

"Wewe hujawahi kufuta kitu. Hata picha zangu za utotoni nikiwa uchi unazo." Wakacheka tena. Hakuwajali. "Weka. Waone baba aliponifungulia. Hapo hawatacheka."

Mume wangu alikuwa ameshafika, ananinong'oneza, "Usithubutu. Mtu amekubali, unataka kuniua njaa?" Nikamwambia akae chini kabla sijasema mambo ya ndani mbele za watu. Akakaa.

Lakini sikuwa namwogopa yeye. Nilikuwa namwogopa Sinzia. Nikikataa, anaondoka hapa akiwa kichekesho cha ukumbi mzima, na kijiwe cha bangi kiko hatua chache kutoka kwenye lango. Nikikubali, atasikia ni nani aliyefungua, na lile moja lililomshika miezi yote hii litamtoka. Kisha nikapata njia: mimi ni mhariri bwana, kazi yangu ni kujua pa kukata. Niliijua picha ile kama ninavyojua njia ya chooni gizani. Baada ya kilio kuna kimya kirefu, ndipo ninaposema. Ningesimamisha kwenye kimya. Nikaifungua, nikaweka kidole juu ya kitufe.

Taa zikazimwa. Friji likarudi.

"Kwani humo ndani kuna baridi gani, Baba, hata husikii?" Wakacheka kama mwanzo. Ila safari hii haikukatwa. Sinzia akaendelea kugonga. "Nimeacha, Baba. Nimeacha kweli, hebu ninuse mdomo." Wakacheka, wachache. Akapumulia mlango wa friji, akangoja. Kisha akaweka paji la uso pale. "Uongo. Sijaacha," alisema. "Nimeshindwa. Nifungulie hivyohivyo."

Mtu mmoja alicheka peke yake, akakatisha.

Halafu akalia. Si kilio cha filamu. Kilikuwa kibaya, cha kamasi na kukosa pumzi, na mkono bado unagonga polepole chini ya mlango. Kilio kikaisha, kimya kikaingia. Sasa, nikajiambia. Na hapohapo Sinzia, aliyesimama ubavuni kwangu, akaushika mkono wangu. Mkono uleule wa kitufe. Hakujua kitu; aliushika kama alivyokuwa akiushika tulipopelekwa kuchomwa sindano utotoni, akaubana kwa nguvu zake zote. Nikauvuta. Hakuachia, na mkono wa pili ulichelewa.

"Ingia, mwanangu," sauti ikasema. "Mlango uko wazi."

Ilikuwa sauti ya baba kabisa. Lakini kamera haina huruma. Mkono ukatokea ubavuni mwa friji, ukavuta mlango, taa ya ndani ikawaka, na vidole vikaonekana vizuri, pamoja na pete yangu ya ndoa. Sinzia wa kwenye pazia akatabasamu, akalala pale sakafuni kama mtoto mchanga. Picha ikaisha.

Taa zikarudi. Muuguzi alikuwa amefunika mdomo. Msambazaji, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa ameligeukia pazia. Kinyozi alikuwa anatazama viatu vyake.

"Samahani," mwanamke mnene akasema. "Huyo aliyemfungulia ni nani?"

Sinzia alikuwa ameinamia mkono wangu, anaitazama pete. Akaigusa kwa kidole gumba, akaizungusha kidogo. Nikasema moyoni, sasa ataniachia, atateremka ngazi zile, atapita lango, na sitampata tena.

Akainua kipaza sauti.

"Ni baba," alisema, akazidi kuubana mkono wangu.