Dari ya Fabiani

Nyumba mpya ya Fabiani ilikuwa na baridi kuliko nje. Aliijenga kule Mgeta, milimani, serikali ilipofungua biashara na malori ya watu binafsi yakaanza kupanda mlima kufuata kabichi. Ilikuwa ya matofali na bati, ya kwanza kitongojini, lakini mkewe Leokadia aliendelea kulala kwenye kibanda cha udongo, karibu na mafiga.

"Nihamie huko nigande?" alisema. "Lala wewe na bati lako."

Akaja Riziki, mtafiti wa chuo aliyekuwa akipima joto la nyumba za mlimani. Alitundika kipimajoto ndani, na aliporudi kukisoma akaonyesha mwanya kati ya ukuta na paa.

"Mzee, huu wa nini?"

"Wa kutolea moshi, mwanangu. Nyumba zetu zote zinao."

"Na humu moto unawasha wapi?"

Fabiani akageuka kutazama kibanda cha udongo, kwenye mafiga. Leokadia alicheka mpaka akakaa chini.

Riziki akashauri mwanya uzibwe, iwekwe dari ya mianzi na juu yake maganda ya mpunga. Mianzi ilikuwa ya Kondradi, kaka yake Leokadia, ambaye Fabiani alikuwa akimcheka kwa paa lake la nyasi.

"Kumbe bati nalo linasikia baridi, shemeji?" Kondradi aliuliza, watoto wake wakisikiliza.

"Linasikia. Nipe mianzi."

Dari ilipokamilika, Leokadia alihamia wiki ileile. Siku hizi Fabiani akipata mgeni humwonyesha dari kwanza, bati baadaye. Ilimgharimu mizigo miwili ya mianzi, magunia sita ya maganda, na kumwomba Kondradi mbele ya watoto wake.