Mgongaji wa Ghorofani

Msimamizi wa ujenzi alipofariki ghafla, kampuni ilimpa mkewe, ambaye naye ni mhandisi, amalizie hospitali ndogo aliyokuwa akiijenga. Aliwakuta mafundi wanne waliofanya kazi na marehemu miaka mingi. Hawakumbishia, ila kila alipowahimiza wamalize chumba na kukifunga, fundi vigae alimjibu kwa upole, "Shemeji, bosi hajapita kukagua hapo."

Maneno hayo yalimchoma. Mtu keshazikwa, atapita wapi tena?

Mchana mmoja, wote wakiwa chini wanakula, walisikia kitu kikigonga ghorofani: ko, ko, ko. Marehemu alikagua vigae hivyo hivyo, kwa mpini wa nyundo, akisikiliza palipo na uwazi nyuma ya kigae. Vijiko vikasimama.

"Mmemwacha nani juu?" mjane akauliza.

"Sote tuko hapa, shemeji," akasema fundi bomba.

Akapanda ngazi. Hakuwaambia wamfuate, lakini alisikia nyayo zao nyuma yake, wote wanne. Wodi ilikuwa tupu. Fundi vigae akapiga magoti, akagonga ukuta upande ile sauti ilikotokea, nao ukalia kama debe. Walipobandua kigae, waliona maji yakichuruzika kuelekea kwenye nyaya za umeme.

Hakuna aliyeuliza kosa ni la nani. Mmoja alikimbilia kufunga maji, mwingine akazima umeme, waliobaki wakashika patasi. Mjane akapiga magoti kati yao, akibandua nao.

"Huyu bosi hata kula hakutuacha tumalize," akanong'ona fundi vigae.