Halua ya Arobaini

Tangu Yashar azikwe, Solmaz hakutoa hata chozi moja. Watu walisema ana moyo wa jiwe. Waache waseme, midomo ni yao. Msichana wa miaka kumi na tisa alikuwa amekufa ganzi, basi. Leo ilikuwa arobaini ya mdogo wake, na alikuwa amepakata bakuli la halua aliyoikoroga mwenyewe bwenini Tabriz. Alitaka jambo moja tu: kufika kwao Ahar, ng'ambo ya mlima, kabla watu hawajatawanyika makaburini.

Teksi ilikuwa na abiria watatu wasiojuana. Mbele alikaa Behrad, askari kijana aliyepewa likizo. Nyuma, ubavuni mwa Solmaz, alikuwapo Bibi Ruqiye na chupa yake ya chai, mdomo haupoi. Dereva, Eynali, alikuwa mtu mnene, mpole. Kila Bibi alipompa chai alibana donge la sukari kwenye meno, akaivuta chai juu yake. Mpaka wanaanza kupanda mlima, madonge matatu yalikwisha kwenda. Theluji ilikuwa inamwagika.

Solmaz akafunua bakuli. Halua ya maiti haipiti mbele ya watu bila kuonjwa; unachukua, unamsomea marehemu Fatiha.

"Ya nani, mwanangu?" Bibi akauliza.

"Ya mdogo wangu. Aligongwa huku huku mlimani. Alikuwa amepiga magoti, anamsaidia mtu kufunga minyororo kwenye matairi, gari lisiteleze kwenye theluji. Gari likatoroka."

"Ee Mungu! Na aliyemgonga?"

"Hajulikani mpaka leo."

Bibi akala, akasoma. Behrad naye akala, akasoma. Bakuli likamfikia dereva. Mkono wake ulikuwa umeanza kunyooka. Ukarudi kwenye usukani.

"Samahani, binti. Nina kisukari."

"Kisukari!" Bibi akaangua kicheko. "Toka Tabriz unatafuna sukari yangu kama farasi, leo halua ya maiti ndiyo ikuue? Chukua hata chembe, bwana wee!"

"Nimesema siwezi, mama."

Njia ya mwongo fupi. Bibi akaifunga chupa yake ya chai. Solmaz akalifunika bakuli, macho yakabaki kwenye kisogo cha dereva.

Karibu na kilele gari likaanza kuteleza. Eynali akasimama, akatoa minyororo. Alitaka mtu wa kukaa kwenye usukani, alisogeze gari taratibu lipande juu ya mnyororo.

"Askari, unajua kuendesha?"

"Punda tu, mjomba," Behrad akasema, akashuka kushika mnyororo wa upande wa pili.

"Mimi najua," Solmaz akasema.

Akapita mbele ya gari. Taa ya kushoto ilikuwa kuukuu, imeingia manjano. Ya kulia ilikuwa mpya, inameta, na bati lililoizunguka lilikuwa limepakwa rangi juzijuzi. Akaitazama. Hakuhisi kitu. Akaingia, bakuli mapajani, akawasha, akaweka mguu kwenye mafuta.

Eynali alikuwa amepiga magoti mbele ya tairi. "Haya, binti, polepole." Kisha akainua uso, akaona anavyotazamwa, akajua amejulikana. Hakuondoka. Theluji ikawa inamjaa mabegani.

Lo, mguu mmoja tu! Nani angejua? Barabara inateleza, msichana hajazoea gari. Hata Bibi angemwapia. Mguu ukabonyeza, injini ikanguruma.

"Dada?" Behrad akaita.

Solmaz akazima gari. Akachomoa ufunguo, akauzamisha ndani ya halua mpaka ukapotea. Akashuka na bakuli, akaliweka mbele ya magoti ya Eynali.

"Ufunguo umo humo. Kula kwanza, umsomee. Halafu tutakwenda makaburini, ukamwambie mama yangu wewe mwenyewe."

Eynali akamega. Halua ikakaa mdomoni, haimezeki.

"Uliposhuka," Solmaz akauliza, "alikuwa bado hai?"

Eynali akaimeza halua.

"Sikushuka, binti."

Hapo ndipo ganzi ilipomwachia. Solmaz akaketi pale pale kwenye theluji, akalia kwa sauti, na Bibi Ruqiye akashuka garini kwenda kumshika.