Kobe Alipolia Njiani

Kobe alianza kulia asubuhi, hata mteremko wa kwanza hawajaumaliza, na Mama Pacha akamsikia vizuri kabisa. Sauti nyembamba, kwii, kwii, kama mlango wa kabati lililokosa mafuta. Akamtazama mumewe. Mume ametulia zake nyuma ya usukani, anatafuna karanga. Mama Pacha moyo ukampiga paa.

Mwenye haraka atauliza, mkanda wa feni kulia ni jambo gani la kumshtua mtu mzima? Basi huyo hamjui mume mwenyewe. Gereji nzima ilimwita Sikio. Alitengeneza mabasi mpaka alipostaafu, na hakufungua nati hata moja kabla ya kusikiliza. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akatulia, halafu akautaja ugonjwa. Mafundi wenzake walibishana kuanzia asubuhi, yeye akija ubishi umekwisha.

Kobe naye alikuwa basi dogo la kubebea wafanyakazi wa kiwanda, likatupwa nyuma ya gereji mpaka nyasi zikachungulia madirishani. Sikio akaling'oa viti, akatia kitanda, jiko la gesi, sinki na tangi la maji. Mapazia alishona Mama Pacha. Jina walilitoa watoto wao mapacha, maana gari limebeba nyumba mgongoni na haraka halina. Kila likizo ndefu walifunga mlango wa nyumba wakaondoka nalo, siku kadhaa njiani, mpaka kwa shangazi yao mwisho wa lami.

Na kufika salama? Wapi! Mwaka mmoja mlango ulichomoka katikati ya soko, wakaufunga kwa kamba ya kuanikia nguo, safari nzima wakawa wanaingilia dirishani, na Mama Pacha enzi hizo hakuwa mwembamba. Mwaka mwingine tangi likapasuka, godoro likanywa maji yote ya kuogea. Safari nyingine breki ziligoma kuachia mbele ya shule ambayo ilikuwa haijafunga, wakakaa pale mpaka mapacha wakaingia darasani na wenzao, na mwalimu akawapa kazi ya nyumbani, nyumba yenyewe ndiyo hiyo imekwama getini.

Mwingine angelaani. Mama Pacha alizipenda siku hizo kuliko siku za kufika. Mjini mumewe alikuwa mali ya mabasi ya watu. Alirudi ananuka dizeli, akasinzia na kijiko mkononi. Lakini Kobe akiharibika, mwanamume alikuwa wake. Yeye chini ya gari, mke kwenye kigoda pembeni anampa spana, wakazungumza viporo vyote vya mwaka mzima. Shule ya mapacha waliichagua hivyo. Ugomvi wao na mashemeji waliumaliza hivyo. Ndoa ile, ukitaka kujua, ilijengwa kando ya barabara.

Sasa mapacha wana watoto wao, na safari hii walikuwa wawili tu, mke na mume, kwenda kwa wajukuu. Na Mama Pacha alikuwa na jambo limemkaa kooni kwa muda mrefu. Sikio hasikii. Ilianza kwa redio kupandishwa sauti, ikafuata hodi zisizoitikiwa, siku hizi hata ukimwita yuko chumba cha pili ni kazi bure. Angemwambia, lakini alikumbuka maneno ya mume mwenyewe, kwamba fundi asiyesikia aweke funguo mezani akabembeleze wajukuu. Na yule mtu akisema, amesema. Kobe angeuzwa, barabara ingeisha, wangebaki wazee wawili sebuleni wanaitazama saa ya ukutani. Hilo Mama Pacha aliliogopa kuliko maradhi.

Kwa hiyo asubuhi ile akayameza maneno. Alijipa moyo kwamba Sikio ataona kwa macho, taa ya onyo itawaka mbele yake. Taa ipi! Taa za Kobe zilikufa mapacha wangali shule. Jua likapanda na mlio ukapanda nao. Akakohoa. Akasema gari leo lina kelele kidogo. Sikio akatikisa kichwa kwa upole, akampa karanga.

Kwenye mwinuko mlio ukakatika ghafla, kitu kikapiga pa kwa ndani, na punde mvuke ukaanza kufuka mbele yao. Sikio alipouona ndipo akakanyaga breki.

Waliingoja injini ipoe. Sikio akatoa kipande cha mkanda, akakigeuzageuza, akapitisha kidole kwenye ukingo ulioungua. Fundi haambiwi. Mkanda wa namna ile hulia muda mrefu kabla ya kukatika. Akasimama nao mkononi, hakugeuka haraka.

"Ulimsikia?" akauliza.

Uongo ulikuwa umeshafika mdomoni. Mama Pacha akapiga moyo konde. "Nilimsikia, Baba Pacha. Tangu asubuhi."

"Na hukuniambia."

"Nilikungoja useme wewe. Siku zote husema wewe."

Hilo la mwisho Sikio hakulisikia. Ikabidi arudie kwa nguvu, na akishaanza kwa nguvu yakatoka yote. Jambo alilolificha hata kwa mapacha, akalisema kwa kupaza sauti mchana kweupe, huku muuza nyanya wa ng'ambo ya barabara ameacha kupanga nyanya zake. Akasema anajua kuhusu masikio. Akasema ameogopa kunyang'anywa barabara, ameogopa sebule. Akalia, mwanamke mzima mwenye wajukuu, na wala hakuona haya.

Sikio alikaa kwenye ngazi ya Kobe. Akasema hata yeye alikuwa anajua. Injini hajaisikia sawasawa tangu mwaka juzi, anaendesha kwa mtetemo wa usukani, na alinyamaza kwa sababu ile ile. Wakatazamana. Wapumbavu wawili, kila mmoja akimchunga mwenzake asijue kitu ambacho wote wanakijua, mpaka mkanda umeungua. Akakubali kwamba wakifika ataonana na daktari wa masikio, na kwamba kuanzia sasa mke akisikia kitu chochote, hata panya akikohoa, aseme.

Mkanda wa akiba ulikuwa chini ya kitanda. Sikio akaufunga, wakajaza maji. Mama Pacha akawasha gari, akashuka, akasikiliza kwa makini, akamwonyesha kwa mkono kwamba Kobe bado analia. Wakazima, mume akakaza. Wakawasha, bado. Akakaza tena. Safari hii Kobe akanguruma safi, na Mama Pacha akainua mikono yote miwili mithili ya refa. Sikio akacheka.

Lakini hakupanda. Alisimama ameshika mlango, anajifuta mikono kwa kitambaa kilichokwisha kuwa cheusi.

"Nikuulize," akasema. "Mbona uliacha kuimba?"

"Kuimba?"

"Zamani uliimba njia nzima, mpaka mapacha wakakusihi upumzike. Mwaka juzi ukanyamaza. Nikasema moyoni, amenichoka. Anakuja kwa huruma tu."

Miaka yote hiyo mtu huyu ameendesha gari pembeni ya Mama Pacha akiamini hapendwi.

"Sijaacha," akasema. Kisha akakumbuka, akamsogelea, akamshika shavu, akasema kwa sauti yake yote: "Sijaacha kuimba. Hata leo nimeimba, kuanzia pale darajani."

Sikio aliinamisha kichwa. Akajifuta uso kwa kile kitambaa, akajipaka oili mpaka kwenye nyusi.

"Nyimbo za miaka miwili," akasema. "Zote zimenipita."

Sikio akashika usukani, Mama Pacha akapanda. Akafunga dirisha la upande wake ili malori yasimshinde kelele, akasogea karibu na dereva, akaanza na ule wa kwanza.